Kabla ya Harambee, Tuulize ni Saratani Gani

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya wa vijijini)

Tuliombwa tuongee juu ya saratani ya matiti, ambayo wengi wetu tunaiita kansa. Habari za kujipima matiti mmezisikia mara nyingi, hatutazirudia. Leo tunataka kuongea juu ya kile kinyama kidogo daktari anachokata kwenye uvimbe, maana kazini tumeona jamaa wengi wakihangaika na pesa kabla kinyama hicho hakijasomwa vizuri.

Saratani ya titi ina aina nyingi. Akina mama wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa ule ule, na dawa inayomfaa huyu isimfae yule hata kidogo. Tofauti iko ndani ya chembe za mwili, kwenye jeni. Jeni ni maagizo tuliyorithi kwa wazazi, yanayoiambia chembe ikue, igawanyike au itulie. Saratani huanza maagizo hayo yakiharibika, na mara nyingi huharibika mtu akiwa tayari ni mtu mzima. (Jicho baya la jirani halimo. Tunasema hivyo kwa sababu bado linatajwa matangani.)

Chukueni jeni moja iitwayo HER2. Kazi yake ni kutengeneza kitu kama sikio juu ya chembe, la kusikia ujumbe wa kukua. Chembe ya kawaida ina nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Lakini katika saratani za titi, kama moja kwa kila tano au sita, nakala zimezidi sana. Chembe inajaa masikio, inasikia "kua, kua" usiku na mchana. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Los Angeles, Marekani, walionyesha kwamba akina mama wenye nakala nyingi ugonjwa uliwarudia haraka na kuwaua mapema. Ilikuwa habari mbaya, lakini sasa adui alijulikana anasimama wapi. Dawa ya kuziba masikio hayo ikatengenezwa, nayo ni trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kama Herceptin. Marekani iliikubali mwaka 1998. Kwa kawaida hutolewa kila wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja, na mwanzoni huenda pamoja na dawa nyingine za saratani. Inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya kuanza na tena matibabu yakiendelea.

Sasa sikilizeni hapa. Mama ambaye saratani yake haina masikio hayo ya ziada, Herceptin si dawa yake. Tumeona ukoo ukiuza ng'ombe wawili kutafuta "ile sindano" kwa kuwa binti wa jirani alipata nafuu nayo, na hakuna aliyeuliza kama mgonjwa wao amepimwa HER2. Alipopimwa, hakuwa nayo. Saratani yake ilikuwa inasukumwa na homoni za kike, na dawa iliyomfaa ni tamoxifen, kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi, cha bei ndogo sana ukilinganisha. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa. Na saratani za kusukumwa na homoni ndizo nyingi zaidi! Wako pia wasio na homoni wala HER2. Hao hutibiwa kwa upasuaji, dawa kali na mionzi, nao wasikawie.

Kipimo chenyewe kinategemea kinyama. Kikikatwa kiingie upesi kwenye formalini ya kutosha, kisiachwe kukauka mezani. Mara nyingine jamaa ndio wanaopewa chupa waipeleke maabara mjini kwa matatu. Basi iende siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikikaa kabatini wiki nzima kungojea mshahara, majibu ya HER2 hayaaminiki tena. Maabara hupaka rangi inayoshika yale masikio, halafu huandika 0, 1, 2 au 3. Tatu maana yake ndiyo, anayo. Mbili haijulikani vizuri, inabidi jeni zenyewe zihesabiwe kwa kipimo kingine. Mkiona mbili kwenye barua, msikubali mambo yaishie hapo.

Kuhusu gharama, Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha ya kwanza inayofanana nayo kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Kwa hiyo mgonjwa akiandikiwa, ulizeni kama kuna hiyo nyingine ya bei nafuu. Ulizeni pia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini SHA italipa kiasi gani, ndipo kamati ya harambee ikae.

Na kama barua ya majibu inasema tu "saratani" bila kutaja homoni wala HER2, mama hahitaji kukatwa tena mara moja. Kile kinyama huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta pale maabara. Jamaa waende na barua, waombe kipande hicho kipimwe hapo au kipelekwe maabara nyingine yenye kipimo.