Habari za Moto Zitufikie Mapema
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ilagala)



Tumeombwa tuseme juu ya picha za ardhi zipigwazo na setilaiti, na pengine wapo watakaouliza: mambo ya angani yanamhusu nini mwenye michikichi wa Ilagala? Yanamhusu kwa sababu ya moto.

Tangu Serikali ilipolihimiza upya zao hili mwaka 2018, wengi wetu tumepanda miche mipya. Mche hungoja miaka mitatu au minne ndipo uzae. Moto wa kiangazi ukiingia alasiri moja, miaka hiyo yote imekwenda.

Kupata picha si shida tena. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1972, hutolewa bure tangu 2008. Lakini Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita juu ya shamba lilelile kila baada ya siku 8. Kwa kuhesabu ekari, siku hizo si kitu. Kwa moto, ni kuleta maji jivu limekwisha poa.

Ndiyo maana ziko setilaiti nyingine, zenye jicho lisilo kali sana, lakini zipitazo kila siku na kutambua joto la moto. Shirika la NASA hutoa habari zake kwa dunia nzima katika muda wa saa 3 hivi. Hawangoji kusahihisha kila kitu. Hutoa habari za awali, na zilizo kamili hufuata. Alama moja huwakilisha eneo la upana wa mita 375 hivi, wala haisemi ni shamba la nani, na wingu zito huificha. Kasoro hizo twazikubali.

Saa 3 hizo ni za angani. Za huku chini ndizo nyingi! Habari huja bure kwa barua pepe kwa yeyote aliyejiandikisha. Hata hivyo, msimu mmoja tuliona habari ya Jumamosi ikilala ofisini hadi Jumatatu. Hatumlaumu mtu, kwa kuwa hapakuwa na aliyepewa kazi hiyo.

Twaiomba Halmashauri imteue karani mmoja katika kila chama cha msingi, awe na zamu hata Jumapili, apokee habari na kuwapigia simu wenye mashamba ya upande ule. Gharama za simu ziingizwe katika makisio ya mwaka huu, kabla nyasi hazijakauka.