Sindano, Bega na Haki ya Kudai Fidia



Nimepewa dakika kumi za kuzungumza juu ya sheria. Sheria ni pana, kwa hiyo nimechagua bega moja tu. Mwenzetu tuliyesoma naye hapa, ambaye sasa ni mwalimu, alichanjwa mwaka 2021 chanjo za UVIKO-19 zilipofika nchini. Sindano ilichomwa juu mno, karibu na mfupa. Usiku ule ule maumivu yalianza, na tangu hapo hawezi kuinua mkono kufikia sehemu ya juu ya ubao. Huandika katikati kwenda chini, na wanafunzi wa nyuma hawaoni kitu.

Naomba nieleweke mapema: sisemi kwamba chanjo ni mbaya. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 kwa sababu ya chanjo. Kosa hapa si la dawa, ni la mahali sindano ilipoingia. Hutakiwa kuingia katika msuli, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ikipanda zaidi, dawa yaweza kuingia katika kifuko cha majimaji kinacholainisha kiungo, nacho kikavimba. Mara nyingi chanzo ni jambo dogo: mchanjaji amesimama, anayechanjwa amekaa, na shati limevutwa shingoni badala ya kuvuliwa.

Wenzetu wa Marekani walitunga sheria ya fidia ya chanjo mwaka 1986. Tangu 2017 jeraha hili la bega limo katika orodha yao. Maumivu yakianza ndani ya saa 48 na taabu ikidumu zaidi ya miezi sita, mdai hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Fedha hutoka katika mfuko maalum unaotunishwa na kodi ya chanjo.

Kwetu hakuna mfuko wa namna hiyo. Mpango wa COVAX ulitoa fidia kwa nchi 92, lakini ulihusu chanjo zake za UVIKO-19 tu na madhara makubwa kama ulemavu wa kudumu au kifo. Anayebaki na bega bovu hana budi kuthibitisha uzembe, na akiishtaki Serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Juu ya hayo, Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa miaka mitatu tu. Waziri anaweza kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, akiona sababu ya haki.

Mwenzetu alinijia mwaka 2025. Miaka minne alikuwa akijipaka dawa za kuchua na kumshukuru Mungu kwamba hakufa! Nilimsaidia kuandika ombi kwa Waziri, lakini kwa kweli tulikuwa tukikimbizana na kalenda. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ujerumani miezi sita kukabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, nalo likarudi hapa Kalenga Juni 1954. Mataifa hupeana muda namna hiyo. Karani wa mahakama hatakupa.

Aliyechanjwa kwa sababu ya kazi yake aulize pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya 2008. Mfuko huo hautafuti nani mzembe, unatafuta kama ajali ilitokana na kazi. Wengi wetu tulio serikalini hatujui hata kwamba unatuhusu.

Vijana, siku ya kuchanjwa vueni mkono wa shati wote, kaeni, na mwombeni mchanjaji naye akae. Kadi msiitupe. Maumivu yakizidi siku chache, rudini kituoni mkaandikiwe tarehe yalipoanza, maana maneno ya mdomo hayasomeki mahakamani. Maswali nitayapokea baada ya chakula.