Pumzi inazoea mbele ya mfupa

(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha mbio mbele ya wanachama, Baraka)



Komite imetuomba tuseme juu ya miguu. Kuko waliocheka waliposikia hivyo, lakini sababu mnaijua. Tulipoanza mbio za siku ya posho tulikuwa zaidi ya ishirini, leo hatufiki kumi. Waliobaki nyumbani si wavivu. Waliumia muundi, ule mfupa mrefu wa mbele, kutoka goti mpaka kwenye kifundo. Na mmoja wetu mfupa wake ulipata ufa, na sisi tulikuwa na sehemu yetu katika hilo.

Tuanze na kosa letu. Ndugu huyo yuko hapa anatusikiliza, jina hatutaji. Alianza na sisi mwanzo wa kiangazi. Wiki ya pili akasema, mguu unaniuma upande wa ndani, hata nikigusa tu. Tukamjibu: vumilia kaka, njo mwili unazoea. Tena mmoja wetu akaongeza: sisi tuliokimbia vita mwaka wa 1996 mpaka ng'ambo ya ziwa, leo tushindwe na mchakamchaka? Watu wakacheka, naye akacheka. Akaendelea mwezi mzima, hata ile barabara ya kupanda kwenda Fizi akaikimbia. Kiisha maumivu yakaanza kumwamsha usiku, na asubuhi moja akashindwa kuukanyagia ule mguu. Walipompiga radio, ufa ukaonekana. Miezi mitatu bila jembe. Sanduku letu lilisaidia chakula cha nyumba yake, lakini mvua za kupanda hazikumngoja.

Kwa hiyo tulienda kuuliza kwa wauguzi, na haya njo tuliyoyaelewa.

Mtu anayeanza kukimbia, pumzi yake inazoea haraka. Baada ya wiki chache hahemi tena, anajisikia simba, anaongeza. Mfupa hauendi mbio namna hiyo. Ukipewa kazi mpya, mwili kwanza unaondoa sehemu ya mfupa wa zamani, halafu ndiyo unajenga mwingine ulio imara, na kule kujenga kunachukua miezi. Sisi tuliorudi na kukuta nyumba zimeanguka tunaelewa hiyo: siku umebomoa ukuta mbovu na matofali mapya bado hayajakauka, huwezi kupandisha mabati. Yule ndugu alipandisha mabati, na sisi tulikuwa chini tunampigia makofi.

Mzee mmoja alituuliza: lakini sisi tunatembea mpaka shambani kila siku na mzigo kichwani, miguu yetu haijazoea? Imezoea kutembea, mzee wetu. Ukitembea, mguu mmoja hauachi udongo kamwe. Ukikimbia, mwili wote unaruka na kutua juu ya mguu mmoja, na pigo lile linafika mara mbili au tatu ya uzito wako. Tena wengi wetu tulikaa miaka Lugufu na Nyarugusu, shamba dogo au hakuna.

Sasa namna ya kupima. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa muundi, nusu ya chini. Kama panauma kwa urefu, mfano wa kiganja kizima, na uchungu unakuja ukianza mbio, unapungua ukipata joto, unarudi jioni, hayo ni maumivu ya muundi ya wanaoanza. Yanapona. Lakini kama ni mahali pamoja tu, unaweza kupafunika kwa ncha ya kidole, panauma hata ukitembea au ukilala, acha mbio siku hiyo na uende santre de sante. Vilevile kama mguu unakaza sana na kufa ganzi unapokimbia. Na mtoto mwenye homa na uchungu wa mfupa, hiyo haina uhusiano na mbio: mpelekeni hospitali bila kungoja kesho.

Anayeumia afanye nini? Apunguze au aache kukimbia mpaka atembee na kubonyeza bila uchungu. Ni wiki, si siku mbili. Kutembea polepole, kuogelea na bisikleti vinaruhusiwa visipomuumiza. Akipata barafu dukani aifunge kwenye kitambaa, dakika 15 (maji ya ziwa letu hayana ubaridi huo, tumejaribu). Uchungu ukipungua, asimame karibu na ukuta, anyanyue visigino na kuvishusha polepole, mara 15, apumzike, arudie. Kuchanja kwa wembe na kuweka dawa hakujengi mfupa, kunafungua mlango wa vidonda. Na vidonge vile vya sokoni: kunywa kidonge ili ukimbie ni kumfunga mdomo anayekuonya, na tumbo nalo linaharibika.

Juu ya viatu hatutasema mengi. Kambambili hapana. Vya mitumba sawa, kama soli yake bado haijaisha. Kinachotusumbua zaidi ni ufuko: mchanga ule umelala upande, mguu mmoja unakaa chini kuliko mwingine asubuhi yote. Tunauacha.

Kuanzia posho ijayo tunakutana uwanjani saa kumi na mbili, penye tambarare. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea, tena na tena kwa nusu saa. Mara tatu kwa wiki, isizidi, na hakuna kuongeza mpaka wiki mbili zipite bila uchungu. Anayeumwa aseme mbele ya watu, na hakuna atakayemcheka. Aliyeumia zamani aje vilevile, atatembea na wamama.

Ndugu yetu ameanza kutembea vizuri, lakini kukimbia bado hajaruhusiwa. Yeye njo atashika saa. Akisema tembea, wote tunatembea, hata kijana mwenye pumzi ya mashua ya motere.