Maji Taka Yakiingia Nyumbani, Nani Alipe?

Hotuba kwa semina ya waumini na watetezi wa haki



Tumeombwa tuzungumze juu ya sheria na uongozi bora. Huenda mlitarajia tuanze na Bunge au sanduku la kura. Tutaanza chooni, kwa kuwa huko ndiko mwananchi anakokutana na serikali yake ya mtaa kila siku.

Mjane mmoja alifika ofisini mwetu akibeba mfuko wa ankara za maji, zote zimelipwa, na kila moja ikiwa na malipo ya maji taka. Usiku mmoja wa mvua, uchafu wa mtaa mzima ulipanda kupitia choo chake ukafika kwenye magodoro ya watoto. Alikwenda kwa serikali ya mtaa, akaelekezwa kwa kampuni ya maji. Kampuni ikamwambia bomba ni lake. Mwisho akaambiwa kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Alipotufikia, miezi 14 ilikuwa imepita. Alikuwa na haki, lakini njia iliyo nyepesi zaidi ya kuidai ilikuwa imekwisha kufungwa, nasi ndio tuliolazimika kumwambia hivyo. Leo twataka asiwepo mwingine wa kuambiwa maneno hayo.

Swali la kwanza ni hili: bomba ni la nani? Kwa kawaida, bomba linalotoka nyumbani hadi linapoungana na bomba kuu ni juu ya mwenye nyumba. Bomba kuu la mtaa ni la umma. Maji yanaporudi nyumbani, tazameni shimo la bomba kuu lililo barabarani. Likiwa limejaa hadi mdomoni, kizuizi kiko mbele, katika bomba la umma. Likiwa linapita vizuri, yaelekea kizuizi kiko kwenu, na mwenye nyumba ndiye wa kumwita fundi. Mpangaji naye asinyamaze. Aliyepoteza godoro ndiye mwenye hasara.

Swali la pili: je, pana uzembe? Mvua ni ya Mungu, lakini mfuniko ulioibiwa usirudishwe, bomba lisilozibuliwa baada ya malalamiko, na kibali cha ghorofa tano kutolewa juu ya bomba lililowekwa kwa nyumba ya familia moja, hayo ni matendo ya wanadamu. Mwenye kutunza bomba akijua hatari na asifanye lolote, sheria yaweza kumtoza fidia. Sheria ya Afya ya Umma nayo imezipa serikali za mitaa wajibu wa kuzuia na kuondoa kero zinazodhuru afya.

Tuseme ukweli: mahakama si mteremko. Mwaka 2003 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya Bwana Marcic dhidi ya kampuni ya Thames Water. Tangu 1992 nyumba yake ilikuwa ikifurikwa mara kwa mara kwa sababu mabomba yalikuwa yamezidiwa. Alishindwa. Malodi walisema kwamba ujenzi wa mabomba mapya ni jambo ambalo Bunge limemkabidhi msimamizi wa huduma hiyo. Wakili wa kampuni aweza kuileta hukumu hiyo mbele ya jaji wetu.

Jibu letu ni Katiba ya 2010. Ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Ibara ya 42 yampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 yaruhusu mahakama kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, na kuamuru fidia, bila mlalamikaji kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Wakisema hawana fedha, ibara ya 20 yasema kwamba ni juu ya serikali kuthibitisha hivyo. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2006, katika kesi ya Waweru iliyohusu maji machafu ya Kiserian, Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki ya kuishi ni pamoja na mazingira safi.

Sasa sikilizeni juu ya muda, maana hapa ndipo wengi huanguka. Sheria inayoweka ukomo wa madai dhidi ya mamlaka za umma yatoa miezi 12 tu kwa madai ya uzembe. Msibishane ikiwa kampuni ya maji imo ndani yake au haimo. Hesabuni miezi 12. Ombi la kikatiba halifungwi na hesabu hiyo, lakini jaji atauliza kwa nini mlichelewa. Uchafu ukirudi tena, dai jipya laweza kuanza siku hiyo.

Waliotutangulia walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kanisa liwe na daftari la mtaa. Andikeni tarehe na saa, pigeni picha, hifadhini risiti za daktari na za fundi. Pelekeni malalamiko kwa maandishi, kwa kampuni na kwa kaunti pia, na nakala igongwe muhuri. Wasipojibu, andikieni Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji. Nasi tusitupe matambara na mafuta chooni, tusije tukashindwa kwa mikono yetu wenyewe.

Ndugu zetu, kuanzia 1983 hadi 1992 Nairobi iliendeshwa na tume ya kuteuliwa, na wakazi wakalipa ushuru bila kuwa na diwani. Tulipigania vyama vingi, tukapata madiwani, na tangu 2013 tunazo kaunti. Mabomba hayakujizibua. Kura humweka mtu ofisini. Barua, daftari na kesi ndivyo vinavyomfanya afanye kazi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Vyama vingi vikiishia kwenye sanduku la kura, uchafu utaendelea kupanda vitandani mwetu, chama chochote kiwe madarakani.

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, lango la jaa, yaani la takataka, lilitengenezwa na Malkiya, naye alikuwa mkuu wa mtaa mzima. Hakusema kwamba kazi hiyo si ya cheo chake. Kiongozi wa namna hiyo ndiye tunayemdai, na tumdai kwa maandishi, kabla ya miezi 12 kwisha.