Meli Iliyolazwa Bado Inataka Mtunzaji
(Hotuba fupi kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Temeke)



Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiukimbia mji wa Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Goetzen, iliyokuwa imefungwa mizinga. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Ndugu zangu, meli ya kivita iliyolazwa si maiti. Kutu haina likizo. Mafuta yasipotolewa matangini na bamba lisipopakwa rangi, chuma hutoboka, mafuta yakamwagika. Ndani mna asbesto, na nje rangi zenye sumu za kuzuia viumbe vya bahari visinate. Meli kama hiyo ikiachwa bandarini, huumia mikoko, kamba na mvuvi wa Kigamboni.

Nayasema haya kwa aibu. Niliwahi kutia saini jenereta ya ofisi iwekwe kando, nisiamuru dizeli itolewe. Miaka miwili baadaye jirani alichota maji yananuka dizeli. Hakuna aliyeniuliza, lakini saini ilikuwa yangu.

Vijana, nyuma ya jiko la shule hii liko basi bovu, na kisima hakiko mbali. Kabla ya chakula twendeni tukalitoe oili. Mimi nitatangulia.