Kazi Moja Mbele Yako

Mwaka 1943, hapa Nanyuki palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita Waitaliano. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliona kukaa bure kunavyomla mtu akili, akajipa kazi moja: kuukwea Mlima Kenya. Ramani hakuwa nayo. Alitegemea hata picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama! Yeye na wenzake wawili walitoroka, wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari.

Wewe huna haja ya kutoroka. Kesho kazini, andika kazi moja tu, simu iweke kwenye droo kwa nusu saa. Wazo la karo likikujia, liandike pembeni, uendelee. Mawazo yakikunyima usingizi wiki nzima, mwone mhudumu wa afya.