MBUZI WAGENI WASIGAWIWE SIKU HIYO HIYO

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wafugaji wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani.)



Mkutano uliopita tulikubaliana kununua mbuzi kwa fedha za ushirika, tuwatoe bondeni, tuwapandishe huku na kuwagawa nyumba kwa nyumba, na atakayepata mzao atoe mmoja kwa jirani. Huo ni mpango mzuri, sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya ile siku watakayoshuka kwenye lori. Wengi wanataka wagawiwe jioni ile ile, kila mtu ashike kamba yake aende. Mimi nasema hapana. Wakae pamoja mwezi mzima, mbali na mabanda yetu, na sababu yangu ni kikohozi.

Sasa, kikohozi cha mifugo si kimoja. Kuna bakteria wanaitwa pasteurela, hao wanaishi puani na kooni mwa mnyama mzima na wala hawamsumbui. Lakini mnyama akichoka, akibanwa na wenzake, akikosa maji, akanyeshewa, hao bakteria wanashuka mapafuni na kuzaana. Basi fikirini safari yenyewe. Mbuzi amezoea joto la Mkomazi, anasimama kwenye lori toka asubuhi, anapandishwa zile kona za kutoka Mombo mpaka Soni, anafika huku kwenye mita 1,400 na ukungu wa mwezi wa Juni. Siku chache baadaye anaacha kula, ana homa, makamasi yanatoka, anapumua kwa shida. Hapo watu husema amelogwa njiani au muuzaji alimpa kitu. Hajalogwa. Ni safari. Huyu akiwahiwa na dawa anaweza kupona.

Kuna mwingine mbaya zaidi, nao ni homa ya mapafu ya mbuzi yenyewe. Kijidudu chake kilitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976, huko huko jirani. Huyu hangoji mnyama achoke. Mbuzi mgonjwa akikohoa karibu na mzima, mzima anavuta pumzi ile na kazi imekwisha. Zizi ambalo halijawahi kuuona linaweza kuugua lote, na katika kila mbuzi kumi wanaougua wakafa sita au zaidi. Utamjua hivi: anasimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, ulimi nje, anakoroma kila akitoa pumzi, hataki kutembea. Joto la mbuzi mzima ni kama digrii 39, huyu linapita 41. Akifa na akapasuliwa, mara nyingi pafu la upande mmoja limekuwa gumu kama ini, na kifuani mna maji ya rangi ya majani makavu.

Hapa nataka msikilize vizuri, hasa ninyi mnaonunua sindano dukani bila kuuliza. Penisilini haimwezi kijidudu huyu. Penisilini inaua bakteria kwa kuharibu ukuta wa mwili wao, na huyu hana ukuta. Ni sawa na kwenda kubomoa nyumba ya mtu anayelala chini ya mti. Zipo dawa nyingine zinazomweza, kama oksitetrasaiklini na tailosini, lakini ziingie mapema na kwa kipimo cha Bwana Mifugo. Sindano nusu leo na nusu wiki ijayo inamfanya mnyama aonekane nafuu, na kijidudu bado kimo. Na maziwa ya mnyama aliyechomwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Sasa kwa nini mwezi, na siyo wiki moja? Kwa sababu mbuzi aliyeambukizwa kwa kawaida huonyesha dalili baada ya siku sita mpaka kumi, lakini wapo wanaochukua hata wiki tatu au nne. Ukimtazama siku saba ukasema mzima huyu, umejidanganya. Na mpango wetu ni wa kugawa! Tukigawa mbuzi jioni ile ile, tumegawa na ugonjwa kwa haki kabisa, kila nyumba na fungu lake.

Ng'ombe nao wana homa yao ya mapafu, nayo imetufundisha jambo. Nchi yetu iliimaliza mwaka 1964. Miaka ishirini na sita ng'ombe wa Tanzania hawakuwa nayo. Mwaka 1990 ikarudi kwa kupitia Loliondo, kutoka upande wa Kenya, kwa miguu ya ng'ombe wenyewe. Ng'ombe mmoja aliyeonekana amepona anaweza kubeba ugonjwa pafuni, umefungwa kama kifurushi, miezi mingi. Na chanjo inayotumika Afrika nzima dhidi yake, ile ya T1, ilitokana na kijidudu kilichochukuliwa hapa hapa Tanganyika miaka ya 1950. Chanjo tulikuwa nayo, ugonjwa ukaingia hata hivyo.

Na sisi wa Lushoto tuna habari ya kwetu. Tauni ilipoanza wilayani mwaka 1980 ikakaa ikirudi rudi zaidi ya miaka ishirini, wazee mlijifunza kwamba ile ya mapafu inapita kwa pumzi ya mgonjwa, na kwamba mgonjwa hatembezwi nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Iweje kwa mbuzi tusahau?

Nimesikia manung'uniko. Eti nani atawalisha mwezi mzima? Majani ya guatemala kwenye makinga maji yetu yapo, na zamu ya kila nyumba ni siku moja tu. Eti watakufa kwa baridi? Banda liezekwe vizuri, upande wa upepo uzibwe, juu paachwe wazi. Msizibe kote kama mnavyowafanyia ndama. Banda lililozibwa kote, mkojo umejaa chini, ile harufu inayokuchoma macho ukiingia asubuhi ndiyo inayochoma mapafu ya ndama usiku kucha. Ndama anataka hewa na sakafu kavu, na dang'a ya mama yake katika saa sita za kwanza, kabla ya mtu yeyote kukamua. Wengi wanaokohoa hapa kijijini walinyimwa hiyo.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Kuna tabia ya mtu kuona mbuzi wake anakohoa, akawahi naye guliani kabla hajakonda. Anapata fedha yake, na mwenzake wa Mlalo au Bumbuli anapata msiba. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka mwenye mnyama anayeshukiwa atoe taarifa, na mifugo isafirishwe kwa kibali. Najua fedha ya karo haingoji. Kwa hiyo ninapendekeza ushirika umkopeshe mwenye mnyama mgonjwa, ili asilazimike kumuuza. Hili kamati imelipokea, na litapigiwa kura.

Banda la kuwatenga litajengwa kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la zamani, ambako hakuna njia ya mifugo. Atakayelisha wageni asiingie kwenye banda lake na viatu vile vile. Kabla ya kununua, Bwana Mifugo ataulizwa kama chanjo ya mbuzi inapatikana, kwani inatakiwa ichomwe kwa mnyama mzima, aliyekwisha kuugua haimsaidii. Majina ya zamu ya majani yatabandikwa hapa chini ya karatasi hii. Asiyejua kusoma amwombe wa darasa la kisomo amsomee.

Katibu